Figo Imeshamezwa

Ndugu zangu, kabla hamjafumba macho, na kabla mpiga kinanda hajaanza kile kiitikio cha polepole ambacho sote tunajua kinatupeleka wapi, nipeni masikio. Nina bibi arusi mmoja wa kuwaonyesha leo. Mtamcheka. Mchekeni tu, lakini mwachieni nafasi kwenye benchi, maana mkimaliza kucheka mtamkuta ameketi katikati yenu.

Kulikuwa na binti mmoja aliyeolewa ng'ambo ya kijito. Si mbali: ukisimama uani kwa baba yake uliuona moshi wa jiko la mumewe upande wa pili wa bonde. Aliolewa kwa heshima zote. Mume mpole, mama mkwe mkali lakini mwenye haki, baba mkwe mtu wa maneno machache. Msichana angetaka nini tena?

Kwa watu wa kule, mahari yote inaweza kurudi. Ndoa ikivunjika ng'ombe hurudi, blanketi la mjomba hurudi, hata jembe la bibi hurudi likiwa limelika. Kitu kimoja tu hakirudi: beberu wa siku ya mwisho. Huyo huletwa uani kwa bibi arusi, huchinjwa hapo hapo, na pande zote mbili hula hadi mifupa itupiwe mbwa. Lakini kabla mtu yeyote hajagusa nyama, bwana arusi hupewa zile figo mbili. Moja anakula yeye. Ya pili anampa bibi arusi kwa mkono wake, mbele ya wazee, naye anaila wote wakimwangalia koo. Akishameza, mzee mmoja anasema neno moja tu: "Imeshuka." Hapo ndoa imekwisha fungwa. Hakuna sherehe nyingine mbele yake, na hakuna njia ya kurudi nyuma yake.

Shangazi wa binti huyu ndiye aliyeshika sahani siku hiyo. Alisimama karibu kuliko mtu yeyote, akaiona figo ikienda.

Sasa binti alikuwa na ulimi. Si ulimi wa matusi. Huo angalau watu wangemjua nao. Wake ulikuwa wa uongo mdogo mdogo. Maharage yakiungua, kuni zilikuwa mbichi. Mpini wa jembe ukivunjika, aliukuta hivyo. Na kila alipogunduliwa, aibu ilimjaa hadi masikioni, akaingia chumbani, akafunga khanga zake furushi, akavuka kijito kurudi kwa baba yake.

"Nimeharibu," alikuwa akisema. "Mimi si mke tena. Waje wanipose upya, nianze vizuri."

Mume alimfuata. Hakugomba. Alisema, "Twende nyumbani," na mkewe akamfuata. Lakini akifika langoni anagoma kuingia mpaka wazee waitwe, waketi, waseme upya yale maneno ya kumkaribisha, kama vile hajawahi kulala nyumba ile. Mara ya kwanza watu walisema ni utoto wa ndoa changa. Mara ya pili walinong'ona. Baada ya hapo wazee wakisikia wanaitwa kwa yule bwana, magoti yalianza kuwauma.

Na huku nyuma? Kila mke mpya kule hupewa kijibustani cha mboga nyuma ya jiko. Cha huyu kilimea magugu hadi kuku walipotea ndani yake, maana mwenye bustani alikuwa njiani siku zote. Kupika je, alijifunza? Niambieni nyinyi: mtu atajuaje moto wa jiko ambalo kila akiunguza analikimbia?

Ndipo yakaja maziwa.

Mama mkwe alikuwa amegandisha maziwa kibuyuni kwa ajili ya wageni wa mumewe. Binti katoka palizi, jua limemkausha koo, nyumba iko kimya. Akakishusha kibuyu, akatoa kizibo, akaonja. Mnakujua kuonja. Alipokumbuka kuacha, kibuyu kilikuwa chepesi. Akakiziba vizuri, akakitundika tena kwenye msumari wake.

Wageni wakafika. Mama mkwe akashusha kibuyu, akakitikisa.

"Maziwa yamekwenda wapi?"

"Paka, mama," binti akajibu. "Nilimwona akitoka humu."

Paka maskini akala ufagio wa mgongo, akatimka migombani. Baba mkwe alikuwa amekipokea kibuyu, anakigeuzageuza mikononi. Akasema kwa upole kabisa, "Paka huyu ana adabu. Katoa kizibo, kanywa, karudisha kizibo, halafu kibuyu kakitundika msumarini."

Wageni wakatazama chini. Mmoja wao akageuza kicheko kikawa kikohozi. Binti hakungoja amalize kukohoa. Furushi, kijito, kwao.

Lakini safari hii alikwenda na sharti. Maneno ya wazee hayakumtosha tena. Aliona uchafu wake umezidi maneno. Akamtuma jirani aliyekuwa anavuka kwenda kusaga: "Mwambie mume wangu nitarudi akija na beberu. Achinjwe upya, tule upya, ndoa iwe safi tangu mwanzo."

Jirani akarudi na unga wake kichwani na jibu mdomoni. "Kasema hivi: mwambieni sileti mbuzi."

"Na nini tena?" mama wa binti akauliza.

"Basi. Alikuwa juu ya banda anagonga misumari. Kasema hivyo, kaendelea kugonga."

Nyumba ile ikawa matanga. Mama akaingia ndani akalala na mtandio usoni. Baba akaenda zizini, akasimama mbele ya ng'ombe wa mahari. Mmoja wao alikuwa ameshazaa. Ng'ombe aliyezaa unamrudishaje, na ndama ni wa nani? Binti mwenyewe aliketi nyuma ya nyumba, amelikumbatia furushi lake kama mtoto mgonjwa. Wakamwita shangazi.

Shangazi alikuwa na maharage yake juani, nusu amepura, nusu bado, na wingu linakuja. Akayaacha. Alipofika hakusalimu mara mbili.

"Wifi, kamwacha," mama wa binti akasema kutoka chini ya mtandio.

"Nani kakwambia?"

"Kasema haleti mbuzi."

"Mbuzi wa nini? Yule wa kwanza yuko wapi?"

"Si tulimla."

"Mlimla. Basi unalilia nini?" Akazunguka nyuma ya nyumba. "Na wewe, inuka. Furushi kichwani. Twende."

Lakini ukweli ni kwamba shangazi mwenyewe hakuwa na hakika. Hasira yake ilikuwa kifuniko tu. Chini yake kulikuwa na hofu inachemka. Mwanamume mpole naye huchoka. Yeye ndiye aliyeshika ile sahani, yeye ndiye aliyewaambia watu wa kule, chukueni, huyu ni mtoto mwema. Vipi kama "sileti mbuzi" ni lugha ya mtu aliyekwisha funga mlango? Atarudi na binti huyu kwa uso gani? Kwa hiyo alitembea upesi, kama mtu anayetaka kufika kabla hajafikiri.

"Shangazi, taratibu."

"Taratibu ya nini? Njia hii wewe unaijua kuliko mbuzi wa kijiji kizima."

Wakateremka hadi kijitoni. Shangazi akaingia majini, akasema bila kugeuka:

"Nikuulize. Ile figo, uliila au uliificha shavuni?"

"Niliila, shangazi."

"Nilikuona unakunja uso."

"Ilikuwa na chumvi nyingi."

"Lakini ilishuka."

"Ilishuka."

Shangazi akasimama katikati ya kijito, maji yanampita vifundoni, akageuka. "Haya. Itapike."

"Shangazi?"

"Itapike hapa. Nitaichukua kwenye jani la mgomba nimpelekee mumeo, nimwambie pokea chako, tumevunja. Si unataka kuanza upya? Utaanzaje upya na figo ya watu tumboni?"

Binti akashusha furushi. Akaangalia maji, akaangalia tumbo lake, kama mtu aliyeulizwa swali ambalo hakuwahi kulisoma. "Haitoki," akasema. "Ile si figo tena, shangazi. Ilishakuwa mimi."

Shangazi alikuwa anafoka tu. Hakuwa amefika mbali hivyo.

"Lakini mimi ni mwongo," binti akaendelea, na sasa analia. "Kila mara nasema sitarudia, na narudia. Mke gani huyo?"

"Mke mwongo," shangazi akasema. "Ndilo jina lake hilo. Mke mwongo. Kuwa mchumba uliacha zamani. Tembea."

Walipofika, mume alikuwa bado juu ya banda. Akateremka, akapangusa mikono. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Hakuuliza kitu. Alilichukua furushi kichwani kwa mkewe, akaingia nalo chumbani, akatoka mikono mitupu. Hapo shangazi angeweza kunyamaza, angeona imetosha. Lakini hofu ya njia nzima ilikuwa bado inamsukuma.

"Mwanangu, ujumbe wako umelaza watu njaa. Ulisema huleti mbuzi."

"Nilisema, mama. Na sileti."

"Kwa nini?"

"Nilete wa kumposa nani?" Alisema bila kupaza sauti. "Watu wakiniuliza mkeo yuko wapi, nawaambia kaenda kuwasalimu wazazi. Hakuna hata mmoja niliyemwambia kaacha kuwa mke wangu. Sasa nikivuka bonde hili na beberu wa pili, nitakuwa namwambia kila anayeniona kwamba yule wa kwanza hakutosha." Hapo yule mpole hakuwapo tena usoni. "Yule nilimlea mwenyewe, mama. Mama yake alikufa anazaa. Nilimnywesha maziwa kwa kidole. Siku ile nilimshika miguu mimi, akiwa ananiangalia. Mtu asisimame uani kwangu kuniambia yule hakutosha."

Binti akainamisha kichwa. Miezi yote hiyo alidhani anapoomba beberu mwingine anajishusha. Hakuwahi kujua kwamba alikuwa anamtukana yule wa kwanza.

Sasa dada wa mume alikuwa kizingitini anapepeta mchele, na masikio yake yalikuwa yanapepeta zaidi. Akasema, "Haya, vizuri. Kwa hiyo kuanzia leo wifi yangu anywe maziwa yote, amsingizie paka. Si mbuzi ameshaliwa?"

Swali zuri. Msilidharau kwa sababu ya aliyeliuliza. Hata shangazi alilitaka jibu lake.

"Dada," mume akasema, "mgeni akisema uongo hapa tunamvumilia, kwa sababu ataaga. Huyu haagi. Kwa hiyo hatumwachii." Akamgeukia mkewe. "Mama yuko jikoni. Ingia umwambie habari ya maziwa. Ukimaliza, ukamtafute paka."

Binti akaangalia njia ya kijitoni. Akaangalia mlango wa jiko. Mlango ulikuwa hatua chache tu, lakini kwa alivyosimama, ungedhani ni mlima. Kuvuka bonde alikuwa amekuzoea. Miguu yake ilikujua. Huku hakuwahi kwenda. Shangazi alitaka kumsukuma mgongoni, akauzuia mkono wake.

Binti akaingia. Waliobaki uani wakasikia sauti yake kutoka gizani mle, ndogo: "Mama, hakuwa paka. Ni mimi."

Mwiko unagonga chungu. Kisha sauti ya mama mkwe, kavu kama kawaida yake:

"Najua. Kaa hapo, koroga maharage. Na yasiungue."

Shangazi akaaga. Alikuwa na maharage juani, na wingu limeshafika.

Sasa tuje kwetu, sisi wa ushirika huu, tunaokutana Ijumaa hadi Ijumaa. Mlimcheka yule binti, nimewasikia. Hebu angalieni zulia hili hapa mbele. Limechakaa wapi? Si milangoni, si chini ya kinanda. Limechakaa hapa, mahali pa kupigia magoti wanaookoka upya, na kwa magoti yale yale. Kuna watu humu wameokoka mara nyingi kuliko walivyooga maji ya moto tangu waingie chuoni. Juma likiwa baya, tunafunga furushi. Ijumaa tunataka tuposwe. Tunaongozwa sala ile ile ya toba, tunalia machozi yale yale, Jumatatu tumeteleza, na Jumanne tunahesabiana nani bado yumo na nani katoka. Mtu amekaa katika imani miaka, na bado yuko darasa la kwanza, kwa sababu kila akikosea anaomba aandikishwe upya. Kijibustani chake kimemea magugu. Atakipalilia saa ngapi, na yeye yuko njiani?

Halafu tunauita unyenyekevu. Jamani, unyenyekevu gani? Kila tunapomwambia Mungu "niokoe tena, safari hii kweli," tunasimama uani kwake tukimwambia yule wa kwanza hakutosha. Na wake hakuwa beberu wa kufuga. Alikuwa Mwanawe. Pale msalabani hakuacha kazi nusu akasema tutaonana wiki ijayo. Kama dhambi yako ya jana ilikuwa kubwa kuliko damu ile, niambie, umepanga achinjwe nani?

Nawajua wanaojikuna kujibu. "Dada, ukifundisha hivi watu watatenda dhambi kwa raha." Nimeisikia hoja hiyo kwenye kila mjadala, na kila anayeileta anadhani kaileta yeye wa kwanza. Mimi sijaona mtu aliyependwa namna hii akatoka akavunja vyungu vya nyumba kwa kusherehekea. Lakini kama yupo humu, amekaa anafurahi, anasema mbuzi ameliwa, tunywe maziwa, simwambii kwamba ameupoteza wokovu. Namuuliza swali la shangazi: uliila, au uliificha shavuni? Maana kuna waliosimama karibu na sahani, wakapiga makofi, na hakuna kilichoshuka.

Ila wewe uliyeila, unayejichukia kwa kosa lile lile unalorudia, sikiliza. Wewe ni mtoto mwongo. Mtoto mwenye hasira. Mtoto mvivu wa kusali. Lolote liwe, neno la kwanza ni mtoto, na hilo hulitapiki, limeshakuwa wewe. Na kwa kuwa huagi, hutaachiwa. Atakushika mkono akuelekeze mahali ambapo hutaki kwenda kabisa.

Kwa hiyo leo sitawaita mbele. Mpiga kinanda, toa mikono, asante. Kuja mbele ni rahisi: utalia, utashikwa kichwa, utarudi bwenini umejisikia mwepesi, na yule uliyemkosea hatasikia lolote. Wewe uliyenakili jibu la mwenzako, mwalimu wako unajua ofisi yake ilipo. Wewe unayemwambia mama kwenye simu kwamba uko maktaba, simu unayo mfukoni. Na wewe uliyemwambia mwenzako wa chumbani kwamba sukari yake imeliwa na sisimizi. Sisimizi wa ajabu hao, wanaokula sukari halafu wanafunga mfuniko.

Mlango ni ule wa nyuma. Pandeni ngazi za bweni, gongeni, mseme hakuwa sisimizi, ni mimi. Nendeni kama wenyeji, watu waliokosa na bado wana ufunguo mfukoni.

Figo imeshuka. Haya, jikoni.